Mama Mkwe Alivyozikwa Siku ya Krismasi

Ikifika Desemba mimi huwa na hasira, na hasira yenyewe huanzia kwenye pamba. Nina duka dogo karibu na stendi hapa Babati, nawawekea watu muvi kwenye flashi na kwenye simu, na ubavuni kwangu kuna jirani anayeuza vyombo. Kila mwaka jirani huyu hukata tawi la mkrismasi, akalisimamisha mlangoni kwake ndani ya ndoo ya mchanga, akalivika maputo, kisha akalifunika kwa pamba ile ya kusafishia vidonda. Theluji hiyo, anasema. Nje jua linapasua vichwa, mvua ya juzi imeacha matope yanayovua watu viatu, yeye anapanga theluji. Na spika yake haipumziki: nyimbo za Kizungu za baridi na kengele, toka asubuhi mpaka anafunga.

Siku moja uvumilivu ukaniishia nikamwuliza, "Hivi wewe baba, theluji umeiona wapi?"

Akanijibu macho makavu, "Kwenye muvi unazoniwekea."

Kusema kweli, theluji yote ya mji huu imepitia dukani kwangu.

Krismasi ndiyo mavuno yangu. Watu wanarudi kutoka Arusha na Dar na masanduku ya magurudumu, watoto wamefunga shule, kila nyumba inataka kitu cha kutazama baada ya pilau. Wanakuja hata wafugaji kutoka tambarare za upande wa Hanang, flashi imening'inizwa shingoni pamoja na shanga. Hao ndio wateja ninaowapenda, maana wanajua wanachotaka. "Dada, nataka ya kutafsiriwa. Isiwe ya kulia. Na steringi asife." Steringi ni yule mhusika mkubwa, mwenye picha yake. Kwa watu wetu steringi akifa, basi aliyeuza muvi ni tapeli. Mzee mmoja aliwahi kunirudishia flashi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa ukali, akaiweka mezani. "Umenipa mbovu," akasema.

"Haichezi, baba?"

"Inacheza vizuri. Mtu wangu kafa."

Nikambadilishia. Ungefanyaje?

Msidhani ni wafugaji tu wanaochukulia maigizo kuwa kweli. Parokiani kwetu kila mkesha kunakuwa na igizo la kuzaliwa Mtoto Yesu, na mwaka huo ninaousimulia Herode aliigizwa na fundi seremala mmoja wa mtaani kwetu Nangara, mtu mpole ambaye hata msumari anaupiga kwa huruma. Alivaa shuka la zambarau na taji la boksi, akaamuru watoto wauawe, akaifanya kazi hiyo vizuri mno jamani. Kwenye Misa iliyofuata, wakati wa kupeana amani, bibi aliyekaa mbele yake akageuka, akamwona, akaficha mkono ndani ya kanga. Fundi wa watu akabaki amenyoosha mkono hewani. Nilicheka mpaka shemasi akanitolea macho. Nisingecheka hivyo kama ningekumbuka aliyeko nyumbani kwangu.

Nyumbani kwangu yuko mama yangu. Alikuja kukaa na mimi Nangara baba alipofariki, akaacha shamba lake la mahindi na maharage kule juu Mbulu. Kiswahili alijifunzia shule na kanisani, anakisema polepole, kila neno kwa nafasi yake. Televisheni ameizoea uzeeni. Mwanzoni aliitazama kwa pembe ya jicho, baadaye ikawa mwenzake. Mtu akiingia kwenye picha akasema habari zenu, mama anaitikia nzuri. Akitokea mzee mwenye mvi, mama anashusha miguu kutoka kwenye stuli. Mara ngapi nimemwambia wale hawamwoni? Ananiambia, "Wasinione wao, mimi si najiona?"

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa tamthilia moja ya ng'ambo, ndefu, ya watu wenye majumba ambao kazi yao ni kugombana kwenye ngazi. Naiweka kwenye flashi sizoni baada ya sizoni, imetafsiriwa na mtafsiri wetu wa hapahapa mjini, kijana mwenye sauti ya mkwaruzo anayesema sauti zote yeye mwenyewe: mume, mke, askari, hata kichanga kikilia analia yeye. Humo ndani kuna dada mmoja mwema kupita kiasi na mama mkwe wake, mwanamke mbaya hajapata kutokea. Huyo mama mkwe alimtenga dada na mume wake, akamfinya mjukuu, akatia chumvi kwenye chai. Mama alimchukia kwa dhati. Akimwona tu anaanza, "Mh! Haya, limeamka hilo."

Mwaka huo, baada ya mavuno ya mahindi, mama akaanza kulalamika tumbo. Nikampeleka hospitali ya rufaa. Daktari akamkuta na uvimbe, akasema utolewe, na akasisitiza usivuke Januari, ukivuka hapo hatuahidi kitu. Mama akamsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akachukua kanga yake akajifunga vizuri, akasema, "Mimi sipasuliwi."

Kaka zangu walipiga simu wakabembeleza, wakagomba, wakabembeleza tena. Padre alikuja akanywa chai na kuondoka. Thubutu! Mama alikuwa amemwona dada yake mwenyewe akiingizwa kupasuliwa miaka mingi nyuma na kurudishwa amefunikwa shuka, na tangu hapo neno upasuaji kwake lilikuwa na maana moja tu. Nilikuwa naamka asubuhi naogopa kumtazama. Alikuwa anakonda, nguo zinamzidi, anasema ni joto.

Sasa katika hali hiyo, kwenye tamthilia, yule dada mwema akaanguka ngazini. Akapelekwa hospitali. Daktari wa mle ndani, kijana mzuri mwenye miwani, akaangalia picha za eksirei, na mtafsiri wetu akasema kwa sauti nzito: "Una uvimbe tumboni. Ni lazima upasuliwe."

Mama akakaa wima kwenye kochi. Akatazama mpaka picha ilipoisha. Kisha akanigeukia. "Tungoje kwanza," akasema. "Nione yule dada itakuwaje. Akitoka mzima, na mimi naenda."

Nilidhani ananitania. Wapi! Akampigia kaka yangu mkubwa akamwambia hivyohivyo. Tuliporudi kliniki akamwambia daktari mwenyewe, mtu aliyesoma mpaka nywele zimemtoka: "Daktari, subiri kidogo. Kuna binti mmoja anapasuliwa kabla yangu."

"Anapasuliwa hospitali gani, bibi?"

"Jina silijui. Lakini ni nzuri, ina lifti."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama chati ya ukuaji wa watoto iliyokuwa ukutani.

Haikuishia hapo. Jumuiya yetu husali kila wiki nyumba kwa nyumba, na mwisho wa sala kila mtu hutaja nia zake. Zamu ilipofika kwetu mama akasimama, akaomba sala kwa ajili ya binti mmoja mwenye mtoto mdogo, anayesubiri kupasuliwa, ambaye mama mkwe wake hamtakii mema. Wakasali, tena kwa uchungu, maana wanawake wa jumuiya yetu mama mkwe mbaya ni mada wanayoielewa. Baada ya sala mwenyekiti akataka kujua mgonjwa amelazwa wapi ili waende kumwona. Mama mmoja alikwishaanza kuchangisha sabuni na sukari. Ikabidi niseme. Nikasema huku natazama chini kwamba mgonjwa huyo ni wa kwenye tamthilia.

Mlitegemea wacheke? Hakucheka hata mmoja. Kisha mwenyekiti akauliza, "Ni yule dada wa kwenye ngazi?" Kumbe nusu yao wanaifuatilia! "Maskini yule binti," akasema mwingine, na sabuni ikaendelea kuchangwa, safari hii apewe mama yangu, kwa kuwa naye ni mgonjwa. Papo hapo mama akawaalika wote: sizoni ya mwisho ikitoka, wakatazame kwetu, siku ya Krismasi baada ya chakula.

Sizoni ya mwisho ikanifikia katikati ya Desemba. Niliifungua pale dukani, nikaipeleka mbele mbele, wateja wamejaa mlangoni na spika ya jirani inaimba kengele. Yule dada akaingizwa chumba cha upasuaji. Madaktari wakatoka, wakavua barakoa, wakatikisa vichwa. Lililofuata lilikuwa jeneza jeupe kwenye mvua, na mtoto wake mdogo amelikumbatia anakataa kutolewa.

Nikawafukuza wateja, nikafunga duka mchana kweupe, nikakaa ndani gizani juu ya ndoo. Nilikasirika, nisiwafiche. Nilimkasirikia aliyeandika lile jambo huko aliko, mwenye hospitali yenye lifti na bado anashindwa kumponya mtu mmoja wa kubuni. Halafu hasira ikaisha nikabaki na woga mtupu. Mama yangu angekufa kwa sababu ya tamthilia, na aliyemletea ni mimi.

Kumwambia haijatoka isingewezekana. Jumuiya nzima ilikuwa inaisubiri. Basi nikaenda kwa mtafsiri.

Anafanyia kazi kwenye chumba kimoja huko Nakwa, kuta zote amezibandika trei za mayai na mablanketi ili sauti isitoke. Nikamweleza ninachotaka: arudie kutafsiri sehemu za mwisho, dada apone. Akaruka. "Dada, hapana. Mimi natafsiri, sidanganyi. Nina jina langu."

"Jina gani? Si wewe uliyesema yule Mchina mwenye panga anadai kodi ya nyumba yake ya Babati?"

"Ile ni kunogesha. Hii unataka nifufue maiti. Watu wana macho, dada yangu, jeneza lile pale!"

Nikamwambia kuhusu mama. Nilipanga nimwambie kwa utulivu, nikajikuta nalia na kumshika shati. Akanipa stuli. Akaanza kuchezea kipaza sauti chake, ambacho amekivisha soksi. Mwishowe akasema, "Basi tumzike mama mkwe."

Tukakaa pale kutwa tunamtafutia mama mkwe kifo. Ikaamuliwa kwamba madaktari wanapotikisa vichwa, wanasema kazi ilikuwa ngumu lakini Mungu ni mwema, mgonjwa amepona. Hapo hapo simu inaingia: mama mkwe amesikia habari hizo njema, presha imepanda, amekufa. Jeneza ni lake. Tulikuwa tunajipongeza mpaka tulipofika makaburini, na nani huyu amesimama kando ya kaburi na mwavuli mweusi? Mama mkwe mwenyewe, mzima wa afya!

Mtafsiri akashika kichwa. "Nilikwambia mimi."

"Ana pacha," nikasema.

"Nini?"

"Pacha wake. Ametoka kijijini kuja msibani."

Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mwanamume yeyote wa fani yetu. Akavaa spika zake za masikioni akarekodi.

Siku ya Krismasi tukasali, tukarudi, tukala pilau na kuku, wanawake wa jumuiya wakaingia na vitenge vipya wakajaza makochi, mkeka na stuli zote. Mama tukamweka katikati. Kuku amemegewa, hakula. Mikono yake ilikuwa imekunjana mapajani. Nikawasha.

Madaktari walipotoka na kusema amepona, sebule ililipuka vigelegele. Mtu alimwaga soda. Simu ilipoingia kwamba mama mkwe amekufa kwa presha, vigelegele vikawa maradufu, Mungu atusamehe, tena siku ya kuzaliwa Mwokozi. Likaja jeneza. Mvua, watu wanalia, mtoto amelikumbatia. "Wanalia kwa unafiki," sauti ya mtafsiri ikaeleza, "maana aliwatesa wote." Lakini hapo sauti yake ikakatika, akameza mate, ikasikika kabisa.

"Mbona huyu mtafsiri naye anamlilia?" akauliza mwenyekiti.

"Mafua," nikasema.

Alipotokea wa mwavuli mweusi kulikuwa na mtafaruku. "Si huyo hapo!" Mtafsiri akawahi: "Huyu ni pacha wa marehemu, ametoka kijijini." Wakatulia. "Kumbe walikuwa mapacha," akasema yule aliyechangisha sabuni. "Ndiyo maana roho ilikuwa mbaya hivyo, ile nzuri alichukua mwenzake." Wakakubaliana wote. Picha ya mwisho ilikuwa ya yule dada kwenye fremu ukutani, anatabasamu, mshumaa umewashwa mbele yake. Mtafsiri akasema ni picha aliyopigwa siku ya kutoka hospitali, familia imeitundika kwa furaha, na mshumaa ni wa Krismasi.

Mama hakupiga kigelegele hata kimoja. Alitazama mpaka maandishi ya mwisho yakapita, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Akafuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, mbele ya jumuiya nzima, "Haya. Mwambieni daktari nakuja."

Nilikwenda jikoni nikaegemea ukuta. Kwa wiki nzima nilitembea mjini kichwa juu. Nilimpelekea mtafsiri kuku mzima. Nilijiona mimi ndiye fundi wa mafundi, mwanamke aliyeishinda tamthilia ya sizoni zote zile kwa pacha mmoja tu. Hata pamba ya jirani niliiona nzuri.

Baada ya Mwaka Mpya tukaenda hospitali, mama akalazwa. Asubuhi ya upasuaji wakamvisha gauni la kijani la kufungia nyuma, akawa mdogo ndani yake, miguu yake iliyozoea kupanda milima ya Mbulu imetokeza pale chini mikavu, haina soksi. Nikamfunika. Nilikuwa na woga, na mimi nikiogopa naongea. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, akumbuke yule dada, si aliingia vilevile, si alitoka, si tulimwona kwenye fremu anatabasamu.

"Yule dada alikufa," mama akasema.

Nikaanza kuitaja fremu tena, akanikatiza.

"Mtoto hamlilii namna ile bibi anayemfinya," akasema, kwa ule mwendo wake wa polepole. "Na mimi nimezika watu wengi, mwanangu. Jeneza la mtu mwema nalijua. Na huyo pacha," akatikisa kichwa, "hata aibu hamkuona."

"Mama, kama ulijua, kwa nini ulikubali?"

Nesi alikwishafika kumsukuma kitanda. Mama akamfanyia ishara asubiri kidogo, akanishika mkono, wake ukiwa wa baridi.

"Pale kaburini walijaa watu, wote wanalia. Alipokuwa anaumwa ulimwona hata mmoja anahangaika? Wewe umekwenda kumfufua mtu wa watu ili mimi nisiogope. Nikakaa pale kwenye kochi nikasema, huyu mtoto hataki kabisa niondoke." Akaniachia mkono. "Basi ngoja nijaribu kubaki."

Wakamsukuma, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi la korido nikalia kwa sauti, sikujali nani ananitazama. Kaka zangu walipiga simu, sikupokea. Sikuweza hata kusali, nilikuwa narudia tu, abaki, abaki, abaki.

Jua lilikuwa limeshapita utosini mlango ulipofunguliwa. Nesi alitoka kwanza, anavua glovu. Nilimtazama kichwa, nikingoja akitikise. Hakukitikisa. "Wewe ndiye mwenye yule bibi?" akaniuliza. "Anakoroma huyo, chumba kizima kinamsikia. Tumgeuze?"

Nikamwambia asimguse. Amwache akorome.